Rivasi ya Sea Lake

Katika miaka arobaini na sita ya ndoa yetu, mume wangu Clem alisimamisha gari safarini kwa sababu tatu tu: mafuta, pancha, na kangaruu aliyelala barabarani. Mengine yote tuliyapita. "Tutasimama wakati wa kurudi, Val," alikuwa akisema, mguu ungali kwenye mafuta, na wakati wa kurudi tulipita barabara nyingine, au jua lilikuwa linamchoma machoni, au mbwa alikuwa anatungoja kwa jirani. Mimi nilikaa kiti cha kushoto na chupa ya chai mapajani, nikaitazama nchi yangu kupitia dirisha la pembeni kwa kasi ya kilomita mia kwa saa. Yule koala wa sanamu wa pale Dadswells Bridge, mkubwa kama ghorofa, nimeuona mgongo wake mara nyingi kuliko uso.

Halafu macho ya Clem yakaharibika. Lilianza kama doa dogo la kijivu. Alidhani kioo cha gari ni kichafu, akakisugua asubuhi nzima kwa gazeti na siki. Daktari wa macho akamwambia kwamba katikati ya jicho panakufa, ila pembeni patabaki. Ukisimama mbele ya Clem sasa, anakuona mabega na masikio, lakini pale penye uso pana doa.

"Nakuona kofia, Val," aliniambia tulipotoka kwa daktari. "Aliyeivaa sijui nani."

Leseni yake tuliirudisha mwezi wa tatu. Mwezi wa nne akaacha kunyoa ndevu siku za kawaida, akawa ananyoa Jumapili tu, kwa ajili ya kanisa. Alikaa kwenye kiti chake karibu na redio, akisikiliza bei ya ngano, na mashamba tulikwisha kumwachia mpangaji miaka sita nyuma. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimewaona wanaume wa Wimmera, wilaya yetu ya ngano, wakikaa kwenye kiti cha namna hiyo. Hawainuki tena.

Karavani yetu ilikuwa imesimama kando ya nyumba chini ya turubai. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, ya kukokota nyuma ya gari: kitanda, jiko la gesi la mioto miwili, friji inayotosha maziwa na nyama ya siku tatu, na mapazia niliyoyashona mwenyewe, ya rangi ya machungwa. Mwanetu Brenton, anayekaa Ballarat, alimpata mtu wa kuinunua.

"Mama, nani ataikokota sasa?" aliniuliza kwenye simu.

"Mimi."

"Mama." Alilisema neno hilo kama unavyomwita mtoto ashuke juu ya paa. "Hujawahi kuikokota hata hatua mia."

"Niliendesha lori la ngano mavuno thelathini."

"Lori linakwenda mbele, Mama. Kazi ya karavani iko kwenye kurudi nyuma."

Hapo alisema kweli. Kwenda mbele na karavani si kazi, inakufuata kama kondoo. Kazi ni kufika kambini na kuirudisha kinyumenyume kwenye kipande chako cha ardhi, katikati ya majirani wawili, na bomba la maji huku na nguzo ya umeme kule. Na kwetu hilo ndilo tamasha la jioni. Ikifika saa tisa watu wanatoa viti vyao vya kukunja, wanavielekeza langoni, wanamimina chai au bia, na kungoja wageni waingie. Mume yuko kwenye usukani, mke nyuma anapunga mikono. Ndoa za miaka hamsini zimetikisika hapo mbele ya macho ya watu wanaotafuna biskuti.

Clem aliisikiliza simu ile akiwa kwenye kiti chake. Akasema kwa nguvu ili Brenton asikie, "Mpe mama yako wiki moja. Twende Sea Lake na kurudi. Karavani ikirudi bila mkwaruzo, inabaki. Ikipata mbonyeo hata mmoja, mlete mtu wako Jumapili, nami sitasema neno."

Brenton akakubali. Nami nikakubali, maana Clem akitoa ahadi haibadilishi.

Tuliondoka Jumanne. Nilifunga mnyororo, nikaunganisha waya wa taa, nikalizunguka gari mara tatu. Clem alipanda kiti cha kushoto, kiti changu, akawa hajui aweke wapi mikono. Nikampa chupa ya chai.

Kwenye barabara ya Murtoa likaja lori la kondoo. Dereva akainua kidole kimoja juu ya usukani, kama tunavyosalimiana huku, nami nikainua changu.

"Nani huyo?" Clem akauliza.

"Simjui."

"Umemsalimia?"

"Amenisalimia kwanza."

Akaizungusha chupa ya chai mapajani. "Ukimwinulia kila mtu, kidole kitakuuma kabla ya saa sita," akasema. Lakini lilipokuja gari lililofuata aliniuliza tena ni nani.

Murtoa nikasimama. Pale pana ghala la zamani la ngano, la wakati wa vita, paa lake limebebwa na magogo zaidi ya mia tano, marefu, yamesimama kwa safu kama msitu uliopangwa kwa rula. Clem alipeleka ngano pale na baba yake akiwa kijana. Alikataa kushuka.

"Nilikwisha kuliona."

"Miaka hamsini iliyopita."

"Halijahama."

Nikaingia peke yangu. Kulikuwa na baridi na harufu ya vumbi la nafaka, na mwanga uliingia kwa vitobo vidogo vya bati. Nilitembea mpaka mwisho na kurudi, nikiyagusa magogo, na sikuwa na mtu wa kumwambia tazama. Niliporudi kwenye gari redio ilikuwa inasema habari za shayiri.

Siku hiyo hiyo, alasiri, karavani ikapata mbonyeo wake.

Kambi ilikuwa ndogo, kando ya bwawa, na watu wasiozidi kumi. Viti vilikuwa vimekwisha kuelekezwa langoni. Clem akafungua mlango. "Mimi nitakuwa nyuma," akasema. "Wewe fuata mikono yangu."

Sasa, kwa watu wa karavani kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: aliye nyuma ndiye anayeona, na aliye kwenye usukani anatii. Kwa miaka arobaini mimi ndiye niliyekuwa nyuma, na Clem alinitii. Nikisema simama, alisimama. Hakuuliza kwa nini. Basi nilipomwona kwenye kioo amesimama wima, kofia imenyooka, mkono unapunga njoo, njoo, nilikwenda. Lile bomba la maji nililiona. Nawaambia kweli, nililiona kwenye kioo cha kushoto, chuma chembamba kimesimama kama fimbo, nikajisemea, Clem yuko nyuma, Clem anajua. Mkono ukazidi kunipungia.

Kikasikika kishindo kama cha debe linaloanguka, kisha maji yakaruka juu kuliko paa la karavani.

Watu wakaondoka kwenye viti. Mwanamume mmoja alikimbia kufunga maji kwenye bomba kubwa, mwingine akaleta ufunguo wa kubana mabomba, na nusu saa baadaye tulikuwa na bomba jipya na majirani wote wakiwa wamelowa na wamefurahi. Hakuna aliyetucheka mbele yetu. Wangecheka baadaye, kama ambavyo sisi tumewacheka wengine. Lakini kwenye kona ya nyuma ya karavani palikuwa na mbonyeo wa ukubwa wa sahani ya supu.

Clem aliupapasa kwa vidole. Alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi.

"Hukuliona," nikamwambia.

"Nilijua liko upande ule mwingine. Kambi zote wanaliweka upande ule mwingine."

"Clem. Hukuliona."

"Sikuliona," akasema. Kisha, "Wewe je?"

"Mimi nililiona."

Aligeuza masikio yake kwangu, maana ndivyo anavyonitazama siku hizi. "Uliliona, ukaja?"

"Wewe ndiye uliyekuwa nyuma."

Akaketi kwenye ngazi ya karavani na kuvua viatu akamwaga maji. "Basi imekwisha," akasema. "Kesho turudi. Brenton amlete mtu wake."

Nilikaanga soseji na vitunguu nikafikiri. Nilipompa sahani yake nikamwambia, "Ulisema mbonyeo mmoja. Tayari tunao. Tukipata wa pili haitauzwa mara mbili. Kwa hiyo hatuna tena la kuogopa, na Sea Lake iko kilomita mia na kidogo. Mimi naendelea."

"Ili iweje?"

"Nataka kusimama mahali. Hata kama ni mara yangu ya mwisho."

Alikula soseji zote mbili kabla ya kujibu. "Dereva ni wewe," akasema.

Asubuhi ya Jumatano tukafika Sheep Hills. Si mji, ni reli na vihenge vya ngano, vile virefu vya zege ambavyo kila kituo chetu kinavyo. Vihenge vile Clem alivipakia ngano. Lakini sasa vimechorwa, kuanzia chini hadi juu: nyuso nne za watu wa asili wa ardhi hii, wazee wawili na watoto wawili, na nyuma yao anga la nyota. Kila uso ni mkubwa kuliko nyumba yetu.

Niliegesha gari karibu kabisa. Clem hakutaka kushuka, nami sikumbembeleza. Nilichukua chai yangu nikaenda kuegemea boneti. Baada ya muda nikasikia mlango wake.

Alisimama kando yangu akatazama mbele. "Doa," akasema. "Doa kubwa lenye anga pembeni." Akageuka apate kurudi garini, na alipogeuka akasimama ghafla, kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza.

"Val. Kuna mtoto."

"Wako wawili."

"Usiniambie. Ngoja." Akasogea hatua kumi kuelekea kwenye vihenge, mikono imetangulia, akainua macho akatazama mahali pasipo na kitu, juu kabisa, nje ya ukingo wa kihenge. "Nikitazama pale mawinguni namwona mtoto. Namwona jicho. Namwona pua, Val. Anatazama kule." Akaonyesha, na alikuwa ameonyesha sawasawa.

Mimi uso wangu haumtoshi, ni mdogo, unaingia wote ndani ya doa. Lakini uso wa kwenye kihenge unamwagika nje ya doa pande zote, na kwa pembeni macho ya Clem ni mazima. Alitembea huku na huku kwa dakika arobaini na tano. Nilizihesabu kwenye saa, maana sikuwahi kuona mtu huyu akisimama mahali dakika arobaini na tano isipokuwa kwenye mnada wa kondoo. Alimtazama mzee kwa kutazama nyaya za simu. Alimtazama bibi kwa kutazama paa la kibanda. Ikaja familia moja kutoka Geelong kupiga picha, akawaambia, "Msimtazame yeye, tazameni pembeni yake, mtamwona vizuri zaidi." Walimtii kwa adabu.

"Kuna vingine?" akaniuliza tulipoingia garini.

"Brim, Rosebery, Lascelles. Tumevipita vyote mwaka juzi. Ulisema tutasimama wakati wa kurudi."

"Nilikuwa mjinga," akasema. "Endesha."

Brim tulisimama saa nzima. Wako wakulima wanne pale, wa rangi ya vumbi, na mmoja ni mwanamke. Clem aliwakuta wote wanne mmoja baada ya mwingine, akasema yule wa mwisho anasimama kama binamu yake Ivo, tumbo limetangulia. Pale dukani nilinunua pai mbili za nyama, tukala tumesimama, mchuzi ukimtiririka kidevuni, na yeye bado kichwa kimeinama upande.

Tulipokuwa tunakunja karatasi za pai akasema, "Sea Lake utairudishaje?"

"Sijui. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Nilikuwa nafanya tu."

"Hilo halinisaidii, bwana."

"Sijawahi kulisema kwa maneno, Val. Liko mikononi." Akaitazama mikono yake, au pembeni ya mikono yake. "Nitafutie uwanja."

Kila mji wetu, hata wenye nyumba ishirini, una uwanja wa mpira. Mji uliofuata ulikuwa nao, nyasi zimekatwa, na siku ya katikati ya wiki hapakuwa na mtu isipokuwa ndege weusi na weupe wakichokora minyoo. Tuliweka viti vyetu viwili vya kukunja kama nguzo za lango. Clem alikaa kando yangu, akashika usukani kwa mkono mmoja, macho amefumba, akaugeuza kidogo huku na huku, akitafuta.

"Weka mkono chini," akasema mwishowe. "Si juu. Chini kabisa ya usukani, mmoja. Sasa usifikirie gari. Fikiria mkia wa karavani. Unataka mkia uende kushoto, peleka mkono kushoto. Unataka kulia, peleka kulia. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu, na uwe mwepesi. Ukiona imeanza kupinda, ujue imekwisha kupinda sana."

Mara ya kwanza karavani ilijikunja mpaka nikaiona dirishani mwangu. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya nne nilikwenda vizuri kabisa, nikapita juu ya kiti.

"Hicho kilikuwa changu au chako?" Clem akauliza aliposikia mlio.

"Chako."

"Nilijua."

Tulifanya mara kumi na tisa. Kwenye ya kumi na moja nikagundua kwamba nikimweleza ninachokiona kwenye kioo, yeye anajua la kufanya kabla yangu. Nikisema gurudumu limekaribia nyasi ndefu za ukingoni, alikuwa amekwisha kusema mkono kulia. Ilikuwa kama kumsomea barua mtu aliyeiandika mwenyewe. Usiku ule tulilala kwenye kambi ya barabarani, ile ya kuingia mbele na kutoka mbele, na Clem akawa anazungusha mkono hewani kitandani mpaka nikamwambia alale.

Alhamisi tukasimama Rosebery, tukasimama Lascelles. Pale Lascelles wamechorwa mume na mke wazee, yeye kwenye kihenge kimoja na mkewe kwenye kingine, wa kijivu na wa njano kama makapi. Clem aliomba tusimame mara mbili: tulikwisha kuondoka, tukawa kilomita nne mbele, akasema, "Mwanamke sikumwona vizuri, nilikuwa nimesimama vibaya." Nikageuza gari, na karavani nyuma yake, kwenye barabara ya shamba, kwa rivasi mbili. Hakuna aliyeniona isipokuwa yeye, naye hakuona. Lakini alisikia kwamba sikugusa kitu.

Tuliingia Sea Lake saa kumi kasoro, saa mbaya kuliko zote. Viti vilikuwa vimejaa. Nilihesabu kumi na wanne upande mmoja tu: mama mmoja mwenye sufu na sindano za kufumia, mzee mmoja mwenye mbwa wa miguu mifupi, watu wa Queensland waliovaa kaptura zinazofanana. Mwenye kambi akanionyesha nafasi iliyobaki, nayo ilikuwa moja. Ilikuwa upande wa kushoto, upande mbaya, ambao dereva anauona kwa kioo kimoja kidogo tu, katikati ya karavani mbili mpya zinazong'aa. Na mbele yake mti.

Nikapita mbele ya nafasi, nikasimama. Clem hakugusa mlango.

"Huendi nyuma?" nikauliza.

"Nyuma nitafanya nini? Mimi niko hapa." Akakaza mkanda. "Niambie."

Kabla sijaweka gia mtu akagonga dirisha la Clem. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani ya jua shingoni, mwenye karavani moja ya zile zinazong'aa. Alimsemesha Clem, si mimi.

"Mzee, pamebana kidogo hapa. Nikusaidie? Nitakurudishia sasa hivi, mama apumzike."

Najua alikuwa na nia njema. Najua pia alikuwa anaiogopea karavani yake. Kama Clem angesema ndiyo ningeshuka na kumpa ufunguo, na Jumapili ningemkabidhi mtu wa Brenton mapazia yangu ya rangi ya machungwa pamoja na vyote vingine.

"Asante, rafiki," Clem akasema. "Dereva wangu ana kazi yake. Ila chai yako iondoe pale mezani, asije akaitia vumbi."

Yule mtu akarudi nyuma. Sindano za kufumia zikasimama.

"Val," Clem akasema, sauti ile ile ya uwanjani. "Kioo cha kushoto kina nini?"

"Gurudumu. Nyuma yake kona ya kipande cha zege. Kama urefu wa ndoo mbili."

"Mkono chini. Kushoto, kidogo. Acha gari litambae."

Nikaliacha litambae.

"Sasa?"

"Mkia unaingia. Naona kamba za hema la jirani."

"Mbali au karibu?"

"Urefu wa mkono wa mtu mzima."

"Inatosha. Anza kurudisha mkono. Kulia. Ifuate, ifuate. Pua ya gari iko wapi?"

"Inaelekea kwenye mti."

"Mti ni wa nini?"

"Clem, ni mti tu."

"Hatua ngapi?"

"Mbili."

"Unapita. Kioo cha kulia sasa. Unamwona huyu bwana wa chai?"

"Naona meza yake. Naona kikombe chake. Hajakiondoa."

"Basi tutamwachia. Mkono katikati."

Nikanyoosha mkono katikati, na kwenye vioo vyote viwili pande zote mbili za karavani zikaonekana sawa, mstari mmoja huku na mstari mmoja huku, kama pindo la pazia lililopigwa pasi. Bomba la maji likapita mahali pake, wima, kavu. Nilirudi hatua tatu za mwisho polepole kuliko mtu anayebeba sinia la mayai. Nikakanyaga breki. Nikavuta breki ya mkono. Nikazima gari.

Mara moja. Sikurekebisha hata kidogo.

Hakuna aliyepiga makofi, kwetu hatufanyi hivyo. Yule mzee mwenye mbwa aliondoa kofia yake, akajikuna kichwa, akairudisha. Akasema kwa sauti ya kusikika kambi nzima, "Si mbaya."

Asiyetujua atadhani ni neno dogo. Nimeolewa na mkulima miaka arobaini na sita, na mvua iliyookoa mavuno ya mwaka wa themanini na tatu nayo ilisemwa si mbaya. Nilikaa pale na mikono imeshika usukani, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na Clem akacheka nami, mkono wake ukipapasa hewani ukitafuta bega langu hadi ukalipata.

Bwana wa chai alituletea kiti. Alisema ameona tuna kimoja tu. Mama wa sufu akaja na skonsi na jemu ya aprikoti za bustanini kwake, akaniuliza ni mkono gani niliouweka wapi, maana mumewe ana magoti mabaya na siku moja itambidi yeye aendeshe. Nikamwonyesha kwa sahani. Kabla ya jua kushuka nilikuwa nimewaonyesha wanawake watano.

Asubuhi tukaenda kwenye ziwa, Ziwa Tyrrell, kilomita chache nje ya mji. Wakati ule wa mwaka halina maji, ni chumvi tupu, nyeupe, inakwenda mpaka inaposhikana na anga. Nilimshika Clem mkono kushuka ngazi za mbao, kama ninavyomshika kila mahali sasa, kwenye maduka, kanisani, kwenye kizingiti cha bafu. Chumvi ikawa inavunjika chini ya viatu vyetu kama maganda ya mkate.

Simu ikalia. Ilikuwa Brenton.

"Mama, habari za safari? Yule mtu anauliza, Jumapili aje saa ngapi? Imepata kitu?"

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga tangu soseji za Jumanne. Lakini Clem alinyoosha kiganja, nami nikamwekea simu mle ndani.

"Brenton," akasema. "Ndiyo, ina mbonyeo. Nyuma, kona ya kushoto. Mama yako aliendesha na mimi nilimwongoza, kwa hiyo ni wangu. Sikiliza. Niliahidi na ninaivunja ahadi, mara yangu ya kwanza, uandike mahali." Akauachia mkono wangu.

Akaanza kutembea. Nikataka kumfuata, kisha nikatazama mbele yake. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kizingiti, wala kamba, wala bomba, wala ukingo wa njia. Kilomita kwa kilomita za weupe uliolala sawa. Hapakuwa na kitu ambacho Clem angeweza kukigonga hata angetaka. Nikasimama pale pale nikamwacha.

Alikwenda kwa hatua zake za zamani, zile ndefu, za kutoka nyumbani kwenda kwenye zizi, mkono mmoja na simu, mwingine unaning'inia kwa raha. Sauti yake ilinijia juu ya chumvi wazi kama yuko mezani.

"Mwambie haiuzwi. La. Jumapili hatutakuwepo. Kuna sanamu ya kambakoche kule Kingston, wanasema ina urefu wa nyumba ya ghorofa, halafu kuna kondoo dume wa Goulburn, anaonekana toka barabarani, nilimpita mara tisa. Tisa, Brenton. Ndiyo, najua ni mbali. Najua ni njia mbili tofauti."

Akamsikiliza mwanawe, huku akizidi kwenda.

"Mimi? Mimi sioni kitu," akasema. "Mama yako anaendesha."